Fizikia ya Mpemba na Swali la Mwezi Uliopita

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa Waswahili tunaoishi huku katikati ya Uingereza. Baadhi ya waliokosa kuhudhuria, na wengine walioko nyumbani, wameomba niyaweke kwa maandishi. Nimenyoosha sentensi hapa na pale, lakini makali sijaongeza wala sijapunguza.)

 

Nilipoombwa kusema machache leo nilipewa kichwa cha habari: "Mchango wa tulio nje katika maendeleo ya nyumbani." Ndugu zangu, kichwa hicho tumeshakisema mpaka kimechakaa. Kila mkutano tunakisema, tunapiga makofi, tunakula, tunarudi majumbani kwetu kugombana na bili ya gesi. Leo naomba ruhusa nizungumzie aiskrimu.

Cheka tu, hakuna ubaya. Kisa chenyewe nacho kimeanza na kicheko.

Mwaka 1963, pale Magamba, kule Lushoto kwenye milima ya Usambara, kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu aliyeitwa Erasto Mpemba. Nchi ilikuwa bado inaitwa Tanganyika, Muungano ulikuja mwaka uliofuata. Wanafunzi wa pale walikuwa na mchezo wao wa kutengeneza aiskrimu. Unanunua maziwa kwa akina mama wa jirani, unayachemsha, unatia sukari, unayaacha yapoe, kisha unamimina kwenye trei na kuweka kwenye friji ya shule. Friji moja, wavulana wengi, trei chache. Wote tuliosoma bweni tunajua maana yake: anayechelewa analala na njaa.

Siku moja Mpemba yuko jikoni anachemsha maziwa yake. Mwenzake mmoja akamwona, akapiga hesabu ya haraka, akachanganya maziwa yake na sukari bila kuchemsha, akakimbia nayo kwenye friji. Mpemba akaona trei ya mwisho inakwenda. Akisubiri maziwa yapoe, ndio basi tena. Akaamua liwalo na liwe, akayamimina vilevile ya moto na kuyatia ndani, huku akijua kwamba anaweza kuiharibu friji ya watu. Baada ya saa moja na nusu hivi wakarudi wote wawili kutazama. Ya Mpemba yameganda. Ya yule aliyetangulia na maziwa ya baridi yalikuwa bado uji mzito.

Sasa hapa ndipo nataka tutulie kidogo. Wangapi kati yetu tungeona jambo lile tukala aiskrimu yetu na kwenda zetu? Mimi ningekula. Mpemba alikula pia, naamini, lakini akaenda kumwuliza mwalimu wake wa fizikia: inakuwaje maziwa ya moto yagande kabla ya ya baridi? Jibu alilopewa ni kwamba alijichanganya, jambo kama hilo haliwezekani. Basi. Mwalimu kasema, na nani wewe wa kubisha?

Akaikubali ile habari kwa muda. Lakini alikuwa na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini, na siku moja katika mazungumzo yule rafiki akamwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto, maana ndivyo unavyoganda upesi. Kumbe! Wauza aiskrimu wa Tanga jambo hili walikuwa wanalifanyia biashara, wanalisha nalo watoto wao, na hakuna mtu wa shule hata mmoja aliyewahi kuwauliza. Ukiniuliza mimi, hiki ndicho kipande kikubwa kuliko vyote katika kisa hiki, na ndicho kinachosahauliwa kila kisa hiki kinaposimuliwa huku Ulaya.

Mpemba akafaulu, akaenda Mkwawa, Iringa, kuendelea na masomo ya juu ya sekondari. (Mkwawa hiyohiyo ambayo tangu 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu.) Wakaanza na somo la joto. Wakafika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Mpemba akanyosha mkono na swali lake lilelile. Mwalimu wa pale akabishana naye kidogo, kisha akatoa jibu ambalo limeingia katika historia: hiyo si fizikia ya ulimwengu, hiyo ni fizikia ya Mpemba. Darasa likaangua kicheko. Na tangu siku ile kila Mpemba akikosea jambo, hata hesabu, mwalimu na wanafunzi walikuwa na msemo tayari: hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Mnajua wenyewe utani wa bweni ulivyo. Jina la utani likishakukaa, utazeeka nalo.

Kijana hakukata tamaa. Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, mwalimu hayupo. Akachukua bika mbili ndogo, moja akatia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza ya mle ndani. Alipozirudia baada ya saa moja hivi, barafu nyingi ilikuwa kwenye ile ya maji ya moto. Sasa si tena maneno ya rafiki wa Tanga. Kapima mwenyewe.

Halafu siku moja akaja mgeni. Dakta Denis Osborne, Mwingereza, alikuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, na alifika Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mwisho akakaribisha maswali. Mpemba akasimama. Ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, akauliza, ukatia maji ujazo uleule, kimoja maji ya nyuzi 35 na kingine ya nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, yale ya nyuzi 100 yanaganda kwanza. Kwa nini?

Wenzake wakacheka, na wengine baadaye walimsema kwamba kawatia aibu mbele ya mgeni. Osborne naye alitabasamu kwanza, akamwomba arudie swali. Kisha akauliza neno moja: je, ni kweli, umefanya? Mpemba akajibu, ndiyo, nimefanya. Na Osborne akasema kwamba hajui sababu, ila akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Ndugu zangu, daktari wa fizikia, mzungu, mgeni rasmi, mbele ya shule nzima, alisema sijui. Wakati ule, kwa adabu tuliyolelewa nayo, mtu mkubwa hasemi sijui. Anasema "swali zuri, tutalifanyia kazi." Anasema "muda hautoshi." Anasema "kaa chini."

Na sitaki mtu anielewe vibaya hapa. Sisemi mzungu ndiye aliyetuokoa. Osborne mwenyewe aliandika kwa uwazi kwamba alidhani kijana amekosea, lakini akakumbuka kwamba wanafunzi wanaouliza wanapaswa kutiwa moyo. Aliporudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli, yale ya moto yameanza kuganda kwanza, na akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Mnacheka, lakini huyo fundi tunamjua. Yumo kwenye kila ofisi yetu. Majibu yamekuja, yako mezani, lakini kwa kuwa si yale bwana mkubwa aliyoyategemea, basi turudie mpaka yafanane.

Wakarudia, tena kwa uangalifu. Maji sentimita za ujazo 70 kwenye bika ya sentimita za ujazo 100, na chini ya bika wakaweka kipande cha povu jepesi, lile jeupe la kufungia televisheni, ili chombo kisigusane na barafu ya friji. (Likumbukeni hilo povu, nitalirudia.) Wakaona kwamba maji yaliyochukua muda mrefu kuliko yote kuanza kuganda ni yale yaliyoanza na nyuzi 25, na yale ya nyuzi 90 hivi yalianza upesi zaidi. Wakatazama kama ni kwa sababu maji ya moto hupungua kwa mvuke, wakaona upungufu ule hautoshi kueleza. Wakatia tabaka la mafuta juu ya maji, kuganda kukachelewa sana, maana yake joto jingi lilikuwa likitokea kwa juu. Mwaka 1969 yakachapishwa katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, kwa majina mawili, Mpemba na Osborne. Jina la mwanafunzi likatangulia. Wakati huo Mpemba alikuwa Mweka, kwenye chuo cha wanyamapori karibu na Moshi, na maisha yake ya kazi yalikwenda huko, kwenye wizara, kwenye wanyama na misitu.

Leo dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina lake. Utani wa darasani umegeuka jina la kitaaluma.

Hapa kawaida msimuliaji huacha na watu hupiga makofi: Mwafrika kawashinda! Mimi sitaacha hapa, maana itakuwa ni kuwadanganya. Kwanza, wavuvi walikuwa wanalijua zamani. Aristotle, miaka zaidi ya elfu mbili na mia tatu iliyopita, ameandika kuhusu watu wa Ponto waliovua samaki juu ya barafu, jinsi walivyomwaga maji ya moto kwenye matete yao ili yagande upesi. Francis Bacon alilitaja mwaka 1620, Descartes mwaka 1637. Kisha likasahauliwa, maana vitabu vya shule havikuwa na mahali pa kuliweka.

Pili, wataalamu hawajakubaliana hadi leo. Mwaka 2012 jumuiya ya wakemia ya hapa Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri sababu. Zilifika barua zaidi ya 22,000, akashinda kijana wa Zagreb, Nikola Bregović, na hata baada ya hapo ubishi haukuisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden, hapahapa Uingereza, walipima kwa makini wakaandika kwamba hawakuona ushahidi wa maana kuwa maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi, na wakaonyesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini, jibu linaweza kubadilika. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Canada wakaja na jaribio jingine kabisa, si la maji kuganda bali la punje ndogo mno ya kioo iliyosukumwa kwa mwanga wa leza, na humo jambo la Mpemba likaonekana waziwazi. Mwaka 2024 likaonekana Innsbruck kwenye chembe za umeme zilizonaswa, mambo ya kwantamu, ambayo mimi siwezi kuwaeleza hata mkinipa pilau yote.

Kwa hiyo Mpemba alikuwa sahihi au alikosea? Inategemea friji, chombo, maji, na unamaanisha nini ukisema "kuganda". Hilo ndilo jibu la kweli, na halifai kwa makofi.

Kisa hiki nilikuwa nimekisimulia nyumbani kwangu mara nyingi, kwa majivuno, hasa watoto wanaporudi shule na kusema hakuna Mwafrika kwenye kitabu chao cha sayansi. Mwaka jana binti yangu, yupo darasa la sita, akaniuliza: baba, wewe umeshajaribu? Neno lilelile la Osborne. Nikabaki naangalia chini. Miaka ishirini nasimulia, sijawahi kuweka hata kikombe kwenye friza.

Tukaanza. Vikombe viwili vya plastiki, maji kikombe kimoja ya bomba na kingine ya birika, kiasi kilekile. Mama watoto alilalamika samaki wake wametolewa mahali pake, akasamehe. Siku ya kwanza ya baridi yaliganda kwanza. Siku ya pili hivyohivyo. Nilijisikia vibaya, nikaanza kusema labda tumekosea vipimo, nikamwambia turudie mpaka tupate jibu sahihi. Nilipoyasikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu nilinyamaza.

Siku ya tatu ya moto yalishinda. Nilipiga kelele kama goli la Simba. Binti akaniambia ngoja baba, akainua vikombe. Siku ile tulikuwa tumeviweka kwenye friza ya zamani iliyoko kibandani, ile inayojaa theluji ndani. Kikombe cha moto kilikuwa kimeyeyusha theluji chini yake na kuzama mpaka kwenye chuma. Kile cha baridi kilikuwa kimekaa juu ya theluji kama mtu juu ya godoro, na theluji huzuia joto kupita. "Si maji, baba," akasema, "ni kitako." Ndiyo maana Osborne aliweka povu. Mtoto aligundua peke yake, bila kusoma, na nilimwambia wazi kwamba mimi nisingegundua.

Sasa nifike kwenye deni langu.

Kabla ya kuja huku nilikuwa mwalimu. Nilifundisha fizikia na kemia katika shule moja ya sekondari ya pwani, jina la shule si la lazima. Darasa la watoto sabini na kitu, vitabu vya kugawana, ubao uliotoboka. Siku moja tunasoma kuyeyuka na kuganda, nikaeleza kwamba chumvi hufanya maji yasigande kwa urahisi. Kijana mmoja wa nyuma, mtoto wa mama muuza samaki, akanyosha mkono. Alianza kwa Kiingereza, kikamkwama, nikamwambia endelea kwa Kiingereza, ndiyo sheria. Akajikaza. Alichotaka kusema ni hiki: kama chumvi inazuia barafu, mbona mama yake hunyunyiza chumvi kwenye barafu ya samaki ili iwe ya baridi zaidi?

Sikujua. Naapa sikujua. Nikamwambia hilo halipo kwenye silabasi, na kwamba tukitaka kujifunza habari za samaki tutakwenda sokoni. Darasa likacheka mpaka madirisha yakatetemeka. Nami nilicheka. Hakuniuliza tena kitu mpaka alipomaliza kidato cha nne.

Jibu nililipata majira yangu ya kwanza ya baridi katika nchi hii. Nilikuwa kituo cha basi saa kumi na moja alfajiri nikienda zamu, likapita lori la manispaa linamwaga chumvi barabarani. Nikamwuliza Mpolandi tuliyekuwa naye, akanieleza: chumvi inayeyusha barafu. Nikasimama pale na baridi yangu nikimfikiria mama muuza samaki. Hapa wanatia chumvi ili barafu iyeyuke, kule anatia ili pazidi baridi. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Chumvi huifanya barafu iyeyuke hata chini ya nyuzi sifuri. Lakini barafu haiyeyuki bure, lazima ichukue joto mahali. Barabarani inalichukua kwenye lami na hewa. Ndani ya tenga la samaki inalichukua kwa samaki na kwenye barafu yenyewe, na mchanganyiko ule unaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Ni jambo moja lenye nyuso mbili, na lingejaza kipindi kizima cha fizikia, lingewaingia wale watoto sabini kuliko kanuni zote nilizowaandikia ubaoni. Kilichohitajika ni mimi kusema sijui, kamwulize mama kisha utuletee kesho barafu na chumvi tupime.

Kuna watu watasema lawama ni ya mfumo. Ni kweli kwa sehemu. Tanzania mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, akiingia sekondari anageuziwa Kiingereza, na swali la kweli siku zote linakuja kwanza kwa lugha ya nyumbani. Mtu anaweza kukariri jibu kwa lugha ya kuazima, lakini kuuliza ni kazi nyingine. Ukimlazimisha atafute maneno, kabla hajayapata swali limeshapoa. Hilo nalikubali, na serikali zetu zimelizungusha kwa miaka mingi kama mpira wa makaratasi. Lakini mfumo haukuninyima ruhusa ya kusema sijui. Lile lilikuwa langu.

Na ndipo ninapofika kwenye siasa, maana najua wapo waliokuwa wanasubiri.

Tanzania na Kenya zote mbili zilipitisha sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Sheria ipo kwenye karatasi. Lakini mwananchi anaposimama kwenye mkutano wa kijiji na kuuliza zile fedha za kisima zilikwenda wapi, anajibiwa nini? Anajibiwa kwamba amejichanganya. Akisisitiza, anaambiwa hayo ni maswali yake binafsi, si ya kijiji. Hiyo ni fizikia ya Mpemba! Na watu wanacheka. Kicheko ndicho kinachomaliza kazi, wala hahitajiki polisi. Ukishachekwa na jirani zako, ukaitwa mjuaji, ukaitwa "mwanasheria", mkutano unaofuata unabaki nyumbani kupalilia mahindi yako. Polisi watakuja kwa yule mmoja kati ya mia asiyejali kuchekwa.

Tulio nje tunapenda sana kuwasema watawala kwa hili. Tunaandika makala ndefu usiku. Tunamtaka waziri ajibu, tunataka Mkaguzi Mkuu aheshimiwe, tunataka Bunge liulize. Vizuri, nami naandika.

Lakini mwezi uliopita, katika ukumbi huuhuu, dada mmoja alisimama. Ni mgeni kwetu, amejiunga mwaka huu, anafanya kazi ya kuhudumia wazee na kila msiba anachanga bila kukosa. Aliuliza kwamba ule mchango wa kusafirisha maiti ya ndugu yetu, baada ya gharama zote kulipwa, zilibaki pauni mia nne na kitu, je, familia ilipelekewa? Aliuliza kwa upole. Nakumbuka alianza kwa "samahanini".

Nanyi mnakumbuka yaliyofuata. Mmoja alisema tusianze kuletana mambo ya kuvunja umoja. Mwingine akauliza yeye ni nani hasa, na amekuja lini. Kutoka kule nyuma mtu akatania, "Muacheni, labda anataka uwaziri," ukumbi ukacheka. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili, na nilicheka, Mwenyekiti. Nilicheka vilevile kama nilivyocheka na yule mtoto wa mama muuza samaki.

Huenda zile pauni zilikwenda kwa familia siku ileile. Huenda mweka hazina ana risiti kwenye bahasha na alikosa tu nafasi ya kuitoa. Simtuhumu mtu yeyote, na mweka hazina ni rafiki yangu, anajua. Inawezekana kabisa dada yetu alikosea hesabu, kama ambavyo inawezekana maji ya moto hayagandi kwanza. Si hoja. Hakuna aliyemwuliza, umepima? Una karatasi? Tutazame pamoja.

Yule kijana wangu nilimtafuta. Nilipata namba yake kwa mtu wa kwao, nikampigia mwezi wa tatu. Ana boti mbili sasa na duka la barafu. Nikamwambia mimi ni mwalimu wako, nimekupigia kukujibu swali la chumvi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Shikamoo mwalimu. Swali lenyewe silikumbuki." Nikamkumbusha, nikamweleza yote, barabara za huku, lami, nyuzi 21. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye anachokumbuka ni madirisha.

Leo dada yetu hayupo ukumbini. Nilimpigia jana, akasema yuko zamu. Zamu yake ya Jumamosi huisha saa nane mchana, tunajua wote.

Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba kabla ya chakula mweka hazina apewe nafasi, swali la mwezi uliopita bado liko mezani.